Ulimi Ndani ya Bamba

Jumatatu, 4 Machi

Meneja amenipa kazi ya umbeya. Alifunga mlango kwanza, akaniuliza habari za nyumbani, ndipo akasema: andika kila kosa la mjomba wako mpaka mvua zikatike. Yakifika matatu, tutampumzisha. Nilimuuliza kwa nini mimi. "Wewe ndiye mwenye macho," akasema, "na wewe ukisema, hatabisha."

Basi nimenunua daftari hili. La kazini kila mtu analifungua.

Niseme ukweli, hasira ikingali moto. Mjomba ni kaka wa mama yangu, ndiye aliyenisomesha, ndiye aliyeniingiza katika karakana hii. Lakini anazeeka vibaya. Wiki iliyopita ameoka glavu zake ndani ya tanuri. Anatafuta miwani huku ameivaa. Anapaka nywele rangi nyeusi na anadhani hatujui.

Na kazi yetu haitaki mzaha. Tunatengeneza mabamba ya ndege ndogo. Mjomba hupanga tabaka la alumini, juu yake nyuzi za kioo zilizoshiba gundi, kisha alumini, nyuzi tena, alumini ya mwisho. Tanuri linavifanya vyote kitu kimoja. Kila mara anatengeneza mabamba mawili yanayofanana. Moja linakwenda kwenye ndege, la pili naliua mimi. Nalikata vipande vyembamba kama rula, nagandisha bawaba kwenye ncha ya kila kimoja, mashine inakipanua kama kinywa, nami natazama ufa ukitembea kati ya tabaka na tabaka. Ili ufa upate pa kuanzia, Mjomba huficha plastiki nyembamba isiyoshika gundi kwenye ukingo wa bamba la majaribio. Tunaiita ulimi. Nguvu inayohitajika kuusogeza ufa kutoka pale ndiyo inayoniambia kama gundi imeshika. Nikiridhika natia saini, na ndege inaruka na watu ndani.

Leo pia nimefuta desturi yake moja. Bamba lenye ulimi alikuwa akilikata pembe kidogo lisichanganywe na pacha wake. Nimemwambia pembe iliyo wazi inakunywa unyevu, na msimu huu unyevu uko kila mahali. Kuanzia sasa tunaandika kwa kalamu kwenye karatasi inayofunika bamba: NDEGE, na JARIBIO.

"Miaka yote nakata pembe," alisema. "Ndege ngapi zimeanguka?"

"Hakuna."

"Haya."

Nikamwambia hilo si jibu la kitaalamu. Akaniita Darubini, kama anavyoniita nikimkera, akaenda kunawa mikono.

Alhamisi, 7 Machi

Kosa la kwanza. Hakuandika joto la tanuri la saa ya pili. Anasema alikuwa analitazama. Nimemwambia macho hayabaki kwenye karatasi.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Hakuna kosa. Ameimba kutwa nzima, nalo si kosa, ingawa lilistahili kuwa.

Jumatatu, 18 Machi

Mjomba ametengeneza mabamba mawili ya ndege ya wagonjwa. Moja litavalishwa ubavuni, chini ya mlango wa kuingizia machela. Wenye ndege wana haraka. Mashine yetu ya kuchungulia mabamba kwa sauti ingali kwa mafundi tangu Januari, kwa hiyo kila kitu kinategemea vipande vyangu.

Jumatano, 20 Machi

Bati la stoo linavuja, maji yameingia mpaka kwenye rafu ya mabamba. Nimebandua karatasi zilizolowa, nimezianika juu ya tanuri, nimezirudisha zilipokauka. Asubuhi nzima imepotea.

Ijumaa, 22 Machi

Bamba la ndege limechukuliwa. Watalivalisha, lakini hawataruka mpaka niseme. Nami nimekata langu vipande kumi na viwili.

Jumanne, 26 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi niliketi na kipande cha kwanza. Ukingo wake nimeupaka wino mweupe ule wa kufutia makosa, nikachora mistari ya milimita, nikaweka jicho kwenye kioo cha kukuzia. Mashine ikaanza kuvuta. Nikangoja ufa uchungulie. Hakuna kitu. Mashine ikavuta, ikavuta, bawaba zikang'oka zikaruka chini ya meza. Kipande cha pili vilevile. Cha tatu nikakichunguza ncha kwa sindano, nikaelewa: hakina ulimi. Vyote kumi na viwili havina. Mjomba amesahau kuuweka.

Nilimwita. Alikuja akitafuna, akanisikiliza.

"Niliweka," alisema.

"Uko wapi, Mjomba?"

Alichukua kipande, akakigeuza, akakipitisha kucha ukingoni. Kisha kingine. Kufika cha tano mkono wake ulipunguza mwendo.

"Niliuweka kwa mkono wangu," alisema tena, lakini mara hii kama anayeniuliza.

"Ungeuweka ningeuona. Plastiki haiyeyuki."

"Labda nilidhani nimeuweka."

Nilijisikia vibaya, halafu nikajisikia kwamba nina haki, na hicho cha pili ndicho kilichonipa nguvu. Nimekuwa nikisema huyu mzee anasahau, na sasa kasahau mbele ya macho yangu.

Nimezifungua ncha za vipande kwa wembe na nyundo, kisha mashine ikavivuta, njia inayokubalika ingawa inachosha. Gundi imeshika vizuri ajabu, nguvu iko juu kuliko mara zote mwaka huu. Nimetia saini. Ndege ya wagonjwa inaruhusiwa kuruka.

Kosa la pili.

Jumatatu, 1 Aprili

Mjomba haimbi.

Jumatano, 3 Aprili

Amenunua kijitabu cha mfukoni. Kila anachokifanya anakiandika, kisha anarudi kutazama kama amekiandika. Nimemwambia kwa utani sasa amekuwa mwanafunzi mzuri. Hakucheka.

Alhamisi, 11 Aprili

Mara tano leo ameniita nihakikishe. Je, ameuosha upande huu wa alumini? Ameuosha. Je, ni huu au ule? Pande zote mbili, Mjomba, nimekuona. Mara ya tano nilimjibu kwa ukali, mbele ya watu. Alisema, "Pole, mwanangu, nakusumbua," na ile pole ndiyo imenikaa moyoni mpaka sasa. Ningependa angenitukana.

Jumanne, 16 Aprili

Kosa la tatu.

Alikuwa katikati ya kupanga. Alumini moja, nyuzi, alumini ya pili, halafu akasimama, mikono hewani, glavu zikidondosha gundi. Nilidhani anapumzika. Nilipomkaribia niliona midomo inahesabu.

"Nimeweka nyuzi za pili au sijaweka?"

"Inua alumini utazame."

"Nikiinua nitaingiza hewa."

Ni kweli, angeingiza hewa. Alisimama hapo mpaka gundi ikaanza kukaza. Kazi yote tumeitupa. Alivua glavu moja moja, akaziweka mezani sambamba kabisa.

Nimeliandika kosa, nimempelekea Meneja karatasi yenye mistari mitatu. Alisema nimefanya kazi ya kiungwana. Nilitoka nikaenda kunawa uso.

Jumanne, 23 Aprili

Mjomba ametia saini barua ya kupumzika. Hakubisha, kama Meneja alivyosema. Aliandika kwa mkono wake kwamba kumbukumbu zake zimepungua na kwamba mwezi Machi alisahau ulimi wa bamba. Hakuna aliyemwambia aandike hilo.

Ijumaa, 26 Aprili

Ameondoka saa tisa. Mvua ilikuwa inapiga, na mkewe alikuja kumchukua na mwavuli, akamshika mkono kumvusha barabara. Mjomba ambaye mwezi uliopita alikuwa anaruka madimbwi kama kijana. Sikuweza kutazama mpaka mwisho.

Ijumaa, 3 Mei

Kupanga matabaka sasa ni kazi yangu mpaka apatikane mtu. Mgongo unaniuma na mikono inanuka. Bamba langu la kwanza lina viputo kama maandazi. Kumbe haikuwa kazi ya kuimba tu.

Alhamisi, 9 Mei

Nataka kuandika yote, tena kwa mpangilio.

Saa tatu unusu asubuhi nilifungua kabati la Mjomba nitafute daftari lake la kupangia, nijue gundi anaichanganyaje siku za unyevu. Nikalipata. Mwandiko kama wa mwalimu. Nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa mpaka tarehe 18 Machi. Ameandika: "Ulimi umewekwa. Sentimita tano, ukingo wa kushoto, bamba la majaribio." Na chini yake amegandisha kwa utepe kipande cha ile plastiki kilichobaki alipokata. Kumbe kila mara anagandisha. Kila ukurasa una kipande chake.

Kwanza nilimhurumia. Nikasema amegandisha bila kuuweka. Halafu nikakumbuka kwamba roli ya plastiki ile ina namba za sentimita zilizochapwa ukingoni, nazo ziko pia kwenye vipande. Namba za kipande cha tarehe 18 na za kile cha ukurasa wa kabla yake hazifuatani. Kati ya vipande hivyo kuna plastiki iliyokosekana. Nimepima pengo la tarehe 18. Sentimita tano.

Ulimi ulikatwa. Ulikwenda mahali. Haukwenda kwenye vipande vyangu.

Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa najua tayari, lakini nilikataa kujua. Nikatoa daftari hili mkobani, daftari nililomwekea Mjomba makosa yake, nikasoma tarehe 20 Machi. Nimebandua karatasi zilizolowa, nimezirudisha zilipokauka. Mabamba mawili yanayofanana kama shilingi kwa shilingi, hayana pembe iliyokatwa kwa sababu mimi nilikataza, na karatasi mbili mkononi mwangu. Niliziweka vipi? Kwa kubahatisha. Sikukumbuka hata kujiuliza. Nililikata vipande bamba la ndege, na bamba lenye ulimi limevalishwa kwenye ndege ya wagonjwa, chini ya mlango wa machela. Ndani yake kuna mahali ambapo tabaka halijashikana na tabaka, sisi wenyewe tumepatengeneza makusudi ili ufa uanzie hapo. Nalo linaruka tangu Machi kwa saini yangu. Nyani haoni kundule.

Saa nne kasoro dakika kumi nilimpigia mekanika wa ndege.

"Isimamishe ndege ya wagonjwa," nikasema.

"Dada, iko angani. Imebeba mgonjwa na nesi. Inatua saa sita kasorobo. Kuna nini?"

Nikamwambia. Hakuuliza mara ya pili. Nilimsikia akiongea na rubani kwa redio: punguza mwendo, usipande juu, shuka taratibu, nitakueleza ukifika. Kisha akaniambia nisiweke simu mbali, atanipigia.

Karibu saa mbili nzima za kungoja. Nilitoa sanduku la vipande vya Machi. Kimoja kilikuwa bado kizima. Nikakibana kwenye jiliwa nikakipiga wembe kwa nyundo, nikapiga tena, wembe ukavunjika. Gundi ya Mjomba ilikuwa imeng'ang'ania, na kwa gundi hii mimi nilimwandikia kosa. Nililia, nikanyamaza, nikatazama saa: saa nne na robo. Nikafagia karakana yote. Saa nne na dakika thelathini na tano. Mvua ikaanza, nikaanza kuwaza upepo, nikajaribu kukokotoa ufa unaweza kusogea kiasi gani kwa kila safari, nikapata jibu, nikaona nimesahau safari za mchana, nikapata jibu jingine baya zaidi, nikaichana karatasi. Mtu aliyepita mlangoni aliniuliza kama ninaumwa. Nilimjibu ndiyo.

Saa sita kasoro dakika tatu simu ililia.

"Imetua. Mgonjwa ameshushwa. Niko na sarafu mkononi, sikiliza."

Aliweka simu karibu na ubavu wa ndege. Nilisikia sarafu inagonga: ti, ti, ti, sauti safi ya bamba lililoshikana. Anasogea. Ti, ti. Halafu sauti ikazama kama kopo lenye unga. Akagonga tena hapohapo. Ikazama tena.

"Hapa halilii," alisema.

"Linaanzia wapi?"

"Ukingo wa kushoto." Akaendelea kugonga. Niliomba sauti irudi, nayo haikurudi. Vidole vinne. Vitano. "Shubiri nzima," alisema hatimaye, "na kidogo zaidi. Misumari ya ribiti tu ndiyo imelishikilia."

Ulimi ulikuwa sentimita tano. Ufa umetembea sentimita kumi na saba.

"Ungelisikia siku mnalivalisha?" nilimuuliza.

"Likiwa jipya limebana, sarafu haisikii. Leo hii linasikika. Dada, mwezi ujao ungesikia mengine." Akavuta pumzi. "Umepiga simu. Basi."

Nikaenda kwa Meneja na madaftari mawili, la Mjomba na langu. Alisoma pale nilipomwonyesha. Alisoma polepole, akafunga mlango kama ile siku ya kwanza.

"Nani anajua?"

"Mekanika anajua bamba limeachana. Hajui kwa nini."

"Mzee keshaondoka," alisema. "Keshaandika mwenyewe kwamba alisahau ulimi. Tukisema aliuweka kwenye bamba la ndege kwa makosa, haongezewi kitu. Wewe una miaka thelathini ya kazi mbele yako."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayenisogezea kiti. Na mimi, naandika kwa aibu, nilikiangalia kile kiti. Nilifikiria kwamba Mjomba ameshazoea kupumzika. Nilifikiria kwamba angekubali, maana siku hizi anakubali kila kitu. Hapo ndipo niliposhtuka. Anakubali kila kitu kwa sababu mimi nilimfundisha kutojiamini, kipande kwa kipande, mpaka cha tano mkono wake ukapunguza mwendo.

Nikasema nitaandika ripoti mwenyewe.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeandika ripoti. Kurasa mbili, jina langu juu na chini. Meneja ameninyang'anya muhuri wangu na amesema nitaosha alumini mpaka atakapoamua vingine. Kuhusu Mjomba, amesema barua yake inaweza kuchanwa, akitaka kurudi. Bamba limeng'olewa, ndege imesimama, hakuna aliyeumia.

Sijalala. Kesho naenda kwao.

Jumamosi, 11 Mei

Nilifika saa nane mchana. Mke wa Mjomba alinifungulia, akanivuta kando ya mlango kabla sijavua viatu.

"Usimuulize maswali ya kukumbukakumbuka," alininong'oneza. "Yanamtia hofu."

Nikaingia sebuleni nikasimama. Nyumba yote ilikuwa imebandikwa vikaratasi. Mlangoni: FUNGUO. Kwenye bomba: FUNGA MAJI. Kwenye redio, kabatini, kwenye dawa ya meno. Kwenye mlango wa jikoni: USIWASHE JIKO, MWITE MAMA. Ule mwandiko kama wa mwalimu. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nywele zimeota mvi kichwa kizima.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama mkewe, kama anayehakikisha kwamba mimi ndiye.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalitoroka.

"Uliweka," nikasema.

"Niliweka nini?"

"Ulimi. Tarehe kumi na nane Machi. Uliuweka, sentimita tano, ukingo wa kushoto, kwenye bamba la majaribio. Mimi ndiye niliyebadilisha karatasi zilipolowa. Nimekata bamba la ndege nikakuletea wewe vipande. Hukusahau, Mjomba."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani.

"Sema tena," alisema. "Polepole. Na huyu naye asikie."

Mkewe akasogea. Nikasema tena, polepole, tangu mwanzo: bati, karatasi, vipande, ndege, sarafu, barua ya kupumzika inayoweza kuchanwa. Nilipomaliza mke wa Mjomba alikuwa ameketi kwenye mkono wa kiti, kiganja mdomoni.

"Nilikuwa nakumbuka," Mjomba alisema. "Nilikuwa naiona mikono yangu inauweka. Nikasema basi hata ninachokiona kichwani ni uongo. Wiki sita sijawasha jiko katika nyumba yangu. Mke wangu ananisindikiza msalani."

"Nisamehe, Mjomba. Najua."

"Hujui," alisema. Hakupaza sauti.

Aliinuka. Akaanza na mlangoni. Akabandua FUNGUO, akanipa mkononi. Akabandua cha redio, akanipa. Kabatini, bombani, bafuni, chumbani. Alikuwa anarudi na kunipa kimoja kimoja bila kunitazama, nami nilivipokea kwa mikono miwili. Cha mlango wa jikoni alikibandua mwisho. Mkewe akatoa kiberiti mfukoni, mahali alipokuwa amekificha, akamwekea kwenye kiganja, akamfunga vidole juu yake.

Akaingia jikoni. Tulimsikiliza sisi wawili: maji, sufuria, njiti ya kiberiti, moto ukashika. Mke wa Mjomba alinyanyuka nusu, akakaa tena. Baada ya muda tukasikia jiko linazimwa.

Alitoka na sinia la chai. Vikombe vilikuwa viwili. Kimoja akampa mkewe, kimoja akakiweka mbele ya kiti chake.

"Umesahau kikombe cha mgeni," mkewe alisema taratibu.

"Sijasahau," alisema Mjomba, akaketi, akanywa chai yake.